Kasenyi: nani mwenyeji, nani mgeni? Historia ya haki za walio wachache katika Ituri

Kasenyi iko ukingoni mwa Ziwa Albert, kwenye barabara inayotoka Bunia, ikapita Bogoro na kushuka mlima hadi majini. Ni mji wa samaki. Katika miaka ya utulivu, mitumbwi iliporudi asubuhi, ufukweni palisikika Kihema, Kialur, Kibira, Kilendu, Kingiti, na hata Kinyoro cha watu wa ng'ambo ya Uganda. Bei zilikatwa kwa Kiswahili. Mama mwenye kuuza chumvi hakuulizwa kabila lake kabla ya kulipwa.

Lakini udongo una mwenyewe. Kwa utawala, Kasenyi ni sehemu ya usultani wa Bahema Sud, katika teritware ya Irumu. Ukifuata ziwa kidogo kuelekea kaskazini unafika Tchomia, na hapo umeingia usultani wa Bahema Banywagi, teritware ya Djugu. Ukipanda milima upande wa kusini-magharibi, uko kwa Walendu Bindi, ambao wengi huwaita Wangiti. Mwendo wa siku moja kwa miguu unatosha kumgeuza mtu kutoka mwenye nchi hadi mgeni, na yeye hakubadilika hata nguo.

Ndiyo sababu neno "walio wachache" ni gumu katika Ituri. Kwingine linaeleweka haraka: kuna kabila kubwa, kuna kabila dogo, na dogo linaomba ulinzi. Hapa kila kabila ni dogo mahali fulani. Mlendu yuko kwake Kpandroma, lakini Kasenyi ni mgeni. Mhema yuko kwake Bogoro, na Gety ni mgeni. Mualur ana masultani wake Mahagi, ila akiteremka kuvua samaki Tchomia anaomba ruhusa. Mbuti hana usultani popote. Kwa hiyo ahadi yoyote ya kulinda walio wachache inapaswa kujibu swali moja kwanza: wachache kwenye udongo wa nani?

Mambo hayakuanza hivyo. Mbele ya Wazungu kulikuwa na vita, watumwa na wizi wa ng'ombe, na hakuna haja ya kupaka rangi nzuri masiku yale. Ila mipaka kati ya watu ilikuwa laini. Mtafiti Aidan Southall, katika kitabu chake juu ya Waalur kilichotoka mwaka 1956, alieleza jambo ambalo wazee wa Mahagi wanalijua vizuri: vikundi vya Walendu na Waokebo, waliochoka na ugomvi wa koo zao, walikuwa wanamchukua mtoto wa sultani wa Alur aje kukaa kwao, awaamulie kesi na kuwaombea mvua. Waokebo walikuwa wahunzi. Majembe na mikuki yao vilitumiwa na watu ambao hawakusema lugha yao. Huo ulikuwa utawala wa mtu mgeni kwa mwaliko, na mara nyingine kwa nguvu pia.

Mfano mkubwa zaidi uko kwenye midomo ya watu wenyewe. Wahema wa kusini, wa Kasenyi, Bogoro na Boga, wanasema Kihema, kilicho ndugu wa Kinyoro na Kitooro. Wahema wa kaskazini, wanaoitwa Wagegere, wanasema Kilendu. Kilendu ni lugha yao ya mama. Waliichukua kwa majirani zao zamani, wakaoa na kuolewa huko. Anayeeleza vita vya Djugu kuwa ni tamaduni mbili zisizoelewana afikirie kwanza hilo: walioangamizana huko walitukanana kwa lugha moja, na kila mmoja alielewa kila neno.

Juu ya nani alimtawala nani, kila upande una simulizi lake. Walendu wengi wanakumbuka kwamba masultani wa Kihema waliwatendea kama watumishi. Wahema wengi wanakumbuka maziwa na ng'ombe kubadilishwa kwa mtama na vibarua, kwa mapatano. Inawezekana yote mawili yalitokea, mahali tofauti. Stanley alipopiga kambi kwa sultani Kavalli, juu ya ziwa hili hili, mwaka 1889, alikuta vilima vyenye wafugaji na wakulima walioishi karibu karibu. Hakukuta ramani ya makabila. Hiyo ililetwa baadaye.

Dekreti ya mwaka 1891 ya Dola Huru la Kongo ilianza kutambua masultani. Ile ya 1910, chini ya Wabelgiji, ikaenda mbali zaidi: kila mwenyeji alipaswa kuwa wa usultani fulani. Mtu hakuruhusiwa tena kuwa tu jirani. Kwa sababu Wabelgiji waliona Wahema kuwa watawala wa asili, Walendu wengi waliwekwa chini ya masultani wa Kihema. Mwaka 1911 mmoja wao, sultani Bomera, akauawa na Walendu waliokataa kutawaliwa naye. Serikali ya kikoloni ikageuka: kama hawawezi kukaa pamoja, watenganishwe. Katika miaka iliyofuata watu walihamishwa, vijiji vikasogezwa, na kila kabila likachorewa eneo lake. Dekreti ya Desemba 1933 ikaipa kazi hiyo umbo la mwisho, kwa kugawa nchi katika sultani za kimila na sekta.

Huu ndio mwanzo wa ahadi na pia wa mtego. Ahadi ilikuwa kweli. Walendu walipata viongozi wao, mahakama yao ya kimila, kodi yao. Hawakuinamia tena mtu wa nje. Kama haki za kabila dogo ni kujitawala, basi kwa Walendu Bindi hiyo haki ilipatikana kwa kalamu ya mzungu. Mtego ulikuwa kwa wale waliobaki upande usio wao: familia za Walendu ndani ya mipaka mipya ya Wahema, familia za Wahema ndani ya mipaka ya Walendu, na Wabira, Wanyali na Wambuti waliopita katikati. Ramani ilimlinda mtu akiwa kwa sultani wa kabila lake. Akitoka hapo hakuwa na wa kumtetea.

Kuna jambo la kuchekesha hapa, kama si la kuhuzunisha. Ubelgiji wenyewe uligawana kwa namna hiyo hiyo. Mwaka 1962 na 1963 bunge la Bruksel lilichora mpaka wa lugha kati ya Waflemishi na Wawalonia. Ila wao walikumbuka waliobaki upande mwingine: katika komuni sita zinazozunguka Bruksel, zilizo kwenye udongo wa Kiflemishi, wasemaji wa Kifaransa walipewa haki ya kupata karatasi za serikali kwa lugha yao. Wanagombana juu ya komuni hizo hadi leo, lakini wanagombana mbele ya mahakimu. Katika Ituri hakuna aliyeandika kifungu cha namna hiyo kwa ajili ya Mlendu wa Kasenyi wala Mhema wa Gety.

Kasenyi yenyewe ilikua ikienda kinyume na ramani hiyo. Ilikuwa bandari. Meli kutoka Butiaba, ng'ambo ya Uganda, kati yake ile iliyoitwa Robert Coryndon, zilileta abiria na mizigo iliyopanda hadi Bunia na kuendelea ndani ya Kongo. Bandari inahitaji wapagazi, wavuvi, washonaji, makarani, wapishi. Nao hawatoki kabila moja. Machimbo ya dhahabu ya Kilo-Moto yalifanya vilevile kule juu. Kiswahili, kilichoingia Ituri na wafanyabiashara wa mashariki katika karne ya 19, kilikua katika kambi za wafanyakazi na sokoni. Hakikuwa lugha ya sultani yeyote, na huenda ndiyo sababu kilikubaliwa na wote.

Kisha ikaja sheria ya udongo. Tarehe 20 Julai 1973 Zaire ilitoa sheria inayosema udongo wote ni mali ya Serikali. Mashamba ya wanavijiji nayo yakawa ya Serikali. Kifungu cha 389 kiliahidi kwamba haki za wanavijiji juu ya mashamba hayo zitaelezwa na agizo la Rais. Miaka 50 baadaye, mwaka 2023, agizo hilo lilikuwa bado halijatoka. Wakati huohuo, mwenye kusoma na mwenye kujua ofisi aliweza kupata sertifika ya usajili, na sertifika hiyo ikipita miaka miwili haiwezi tena kupingwa. Mashamba makubwa ya Wabelgiji yaliyogawiwa baada ya hotuba ya Mobutu ya Novemba 1973 yaliangukia mikononi mwa waliokuwa karibu na ofisi. Katika Djugu wengi wao walikuwa Wahema, kwa sababu shule za kikoloni ziliwapokea mbele ya wengine. Baadhi ya mashamba hayo yalikuwa ndani ya sekta za Walendu. Mkulima wa Walendu Pitsi aliyekuwa mwenye nchi kwa ramani ya 1933 akajikuta, kwa karatasi, ni mtu anayekaa kwa mwingine.

Hapo ndipo moto ulipoanza, mwezi wa sita 1999, juu ya mashamba ya Walendu Pitsi. Mwezi huohuo jemadari wa Uganda, James Kazini, akaunda jimbo kwa amri yake na kumweka Adèle Lotsove, Mhema, kuwa gavana. Walendu waliona mwamuzi amechagua upande kabla kesi haijasikilizwa.

Yaliyofuata yanajulikana na familia nyingi zinazosikiliza haya, na kila moja inajua sehemu yake. Agosti 2002 wapiganaji wa UPC waliwaua Wangiti huko Songolo. Tarehe 5 Septemba wapiganaji wa Wangiti wakaingia Nyankunde, ambako hospitali ya makanisa ya kiprotestanti ilikuwa inatibu makabila yote, wakatafuta Wahema na Wabira hadi kwenye vitanda. Katika siku zilizofuata waliuawa watu zaidi ya elfu moja. Tarehe 24 Februari 2003 ilikuwa zamu ya Bogoro. Tarehe 31 Mei Tchomia, na mwezi wa sita Kasenyi. Kobu, Mongbwalu na Mambasa nazo zina makaburi yao. Kijiji kama Bogoro, ambacho mbele ya vita kilikuwa na Wahema, Wangiti na Wabira wakigawana soko moja, kilikuwa kimebaki cha kabila moja hata kabla ya shambulio kubwa. Ramani ya kutenganisha watu, ambayo Wabelgiji waliianza kwa kalamu, ilimaliziwa kwa panga.

Mahakama ya Hague ilihukumu watu watatu kwa mambo ya Ituri: Thomas Lubanga mwaka 2012, Germain Katanga mwaka 2014, Bosco Ntaganda mwaka 2019. Katika kesi ya Katanga, mwezi wa tatu 2017, majaji walitambua wahanga 297 wa Bogoro na kumpa kila mmoja dola 250 kama ishara, pamoja na misaada ya pamoja ya makao, masomo na kazi. Si jambo dogo kwamba mahakama ya dunia ilitamka jina la Bogoro. Lakini mahakama huhukumu tendo lililoandikwa kwenye mashitaka. Songolo haikupata kesi yake. Mngiti aliyepoteza watoto huko anasikia redio ikisema haki imetendeka, na anajua si yeye anayesemwa.

Kulikuwa na jaribio jingine, na linastahili kukumbukwa zaidi kuliko linavyokumbukwa. Aprili 2003, katikati ya vita, watu wa jamii zote walikaa Bunia katika Tume ya Kutuliza Ituri. Walitoka na utawala wa muda na baraza lake, na Pétronille Vaweka akachaguliwa kuliongoza. Viti viligawanywa ili kila jamii iwe na sauti. Mgao huo ulizuia mambo mabaya: hakuna kabila lililoweza kusema limefungiwa mlango. Udhaifu wake ulikuwa ule ule wa mwaka 1933. Mtu aliingia barazani kwa jina la kabila lake. Mvuvi Mualur wa Kasenyi alikuwa na mjumbe wa Waalur, lakini hapakuwa na mjumbe wa wale wote wanaokaa kwa wengine, ingawa wao ndio waliokuwa wanakufa kwanza.

Katiba ya 18 Februari 2006 ilileta maneno mazuri kuliko yote yaliyotangulia. Kifungu cha 13 kinakataza kumbagua Mkongomani kwa kabila lake au kwa kuwa wa kundi dogo la utamaduni au lugha. Cha 30 kinampa kila mtu haki ya kwenda na kukaa popote nchini. Cha 51 kinaipa Serikali wajibu wa kuhakikisha makabila yote yanaishi pamoja kwa amani, na wa kulinda walio wachache wote. Mwenye kusoma vifungu hivyo vitatu anaweza kudhani neno "mgeni" limefutwa.

Lakini Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 207, inatambua mamlaka ya kimila, na sheria ya 2008 juu ya serikali za mitaa iliacha sultani za kimila zisimame karibu kama zilivyokuwa. Katika Djugu tofauti hii inaonekana kwa macho: Bahema Nord na Bahema Banywagi ni sultani, ambako kiti hufuata ukoo, Walendu Pitsi, Djatsi na Tatsi ni sekta, ambako sheria inataka kiongozi achaguliwe, na kwa kuwa uchaguzi huo haukufanywa, Serikali humteua. Hata uraia wenyewe unapita kwenye mlango wa kabila: kifungu cha 10 kinasema Mkongomani wa asili ni yule wa makabila ambayo watu wake na udongo wake vilifanya nchi hii siku ya uhuru. Uganda walifanya karibu vilevile. Katiba yao ya 1995 ina orodha ya makabila yaliyokuwepo mwaka 1926, na Walendu, Waalur na Wakebu wamo. Ni vizuri kuwa kwenye orodha. Ila orodha huuliza mtu ametoka kwa nani, haiulizi anakaa wapi.

Katika maisha ya kila siku, mgeni anayetaka kulima hupata shamba kwa ruhusa ya mwenye udongo: mbuzi, kuku, sehemu ya mavuno, heshima kwa kapita wa kijiji. Desturi hii imelisha watu wengi na imewaweka majirani pamoja vizazi na vizazi. Si ya kudharau. Ila ruhusa hiyo ni ya mdomo. Siku bunduki zinapolia huko juu, inaondolewa bila barua, na hakuna mahakama ambapo mgeni anaweza kwenda na kifungu cha 30 mkononi akarudishiwa mihogo yake.

Wambuti wanaonyesha jambo hili waziwazi zaidi. Katika Ituri nzima hakuna usultani wenye jina lao, ingawa misitu ya Mambasa waliitembea mbele ya wote. Kwa miaka mingi walihesabiwa kama watu wa sultani mwenye kijiji cha karibu. Tarehe 15 Julai 2022 Rais alitia sahihi sheria nambari 22/030 ya kulinda haki za Wapigmi wenyeji: masomo, matibabu, misitu yao, kusikilizwa kabla ya miradi. Ni hatua kubwa, na waliopigania sheria hiyo walingoja miaka mingi. Kinachotazamwa sasa ni jambo moja. Mbuti akimpinga mkata mbao, kesi inaanzia wapi? Kwenye mahakama ya kimila ya sultani ambaye si wake? Kama jibu ni hilo, sheria imempa haki na kuacha ufunguo mfukoni mwa mtu mwingine.

Tangu Desemba 2017, vita vya Djugu vilipoanza upya, na kundi la CODECO na wapinzani wake wakichoma vijiji, Ituri imejaa watu walio mbali na udongo wao. Februari 2018 maelfu walivuka ziwa kwa mitumbwi hadi Uganda. Wengine walibaki Kasenyi, Tchomia na Bunia. Utawala wa kijeshi uliowekwa Mei 2021 haukuzuia mauaji ya Plaine Savo, Februari 2022, wala ya Lala, Juni 2023, na yote mawili yalitokea ndani ya kambi za wakimbizi. Utawala wenyewe uliona mipaka yake: Mei na Juni 2023 makundi yenye silaha yaliitwa Aru na kusaini ahadi ya kuacha kupigana.

Aliyevuka ziwa na kufika Kyangwali alipokelewa kama familia yenye namba. Alipewa kadi, na kwa utaratibu wa Uganda wa kuwapa wakimbizi viwanja, kipande cha kukaa na kulima. Hakuna aliyemuuliza babu yake alizikwa kilima gani. Maisha huko ni magumu, kipindupindu kilipiga mwaka ule ule wa 2018, na viwanja vimekuwa vidogo watu walivyoongezeka. Hata hivyo inashangaza: Mkongomani amepata kipande cha kulima katika nchi ya wengine kwa sababu tu ni mtu mwenye watoto, na katika nchi yake, akiwa kilomita hamsini kutoka kijijini kwake, analima kwa hisani ya sultani asiye wake, msimu mmoja mmoja.

Sasa yanasemwa maneno ya kurudi. Kwa familia zilizotoka kwenye udongo wa kabila lao, swali ni usalama wa barabara. Kwa waliokuwa wageni kule walikotoka, Mlendu aliyelima kwa Wahema, Mhema aliyefuga kwa Walendu, Mbira, Mnyali, swali ni zito zaidi, kwa sababu aliyetoa ruhusa ya mdomo huenda amekufa, na mtoto wake hakuwepo walipokubaliana. Na kuna hesabu ambayo watu wachache wanaitaja kambini. Mtu akisajili sertifika juu ya shamba ambalo wenyewe wamekimbia, miaka miwili ikipita haipingwi. Sheria ya 1973 haikuandika kwamba hesabu hiyo inasimama mwenye shamba akiwa kambini. Familia zilizokimbia mwezi wa kumi na mbili 2017 zilimaliza miaka hiyo miwili mwishoni mwa 2019.